Uzoefu wangu: Carousel of Progress, viti vinavyozunguka jukwaa

Alama zangu ni 4 kati ya 5. Ile moja niliyoikata ni ya kipindi cha mwisho, nitalifikia hilo.

Banda la onyesho hili lipo eneo la Tomorrowland, ndani ya Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida. Kwa dakika kama 21 unakaa kitini ukiitazama familia ileile ya sanamu zinazojongea kwa mitambo ikipitia enzi nne za umeme majumbani. Wengi hutoka wakiamini kwamba jukwaa ndilo lililokuwa likizunguka. Hapana. Majukwaa sita yamesimama katikati, yamepeana migongo kama vipande vya keki. Kinachozunguka ni pete ya nje yenye watazamaji. Pete hiyo imegawanywa kumbi sita, kila ukumbi na viti kama 240. Ninyi mkiwa kwenye kipindi cha kwanza, ukumbi mmoja unapakia watu na mwingine unashusha, na kila baada ya dakika nne hivi pete nzima inasogea hatua moja. Ndiyo sababu foleni ya hapa haitishi: ikionekana imefika nje, ujue inamezwa kwa mamia kwa mpigo.

Mtambo huu haukubuniwa kwa ajili ya bustani. Kampuni ya vifaa vya umeme ya General Electric ndiyo iliyolipia, uwe kivutio cha banda lake kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964 na 1965, na Walt Disney na mafundi wake wakaujenga. Sanamu ziliongozwa na mkanda wa sumaku: milio iliyorekodiwa juu yake ndiyo iliyoamuru mkono uinuke au mdomo ufunguke, sambamba na maneno. Mwaka 1967 ukahamia Disneyland, bustani ya Disney ya California, ukafungwa 1973, kisha ukafunguliwa Florida tarehe 15 Januari 1975. Hapo mfadhili akataka wimbo mpya. Wa zamani ulisifu kesho, na muuza friji hafaidiki na mteja anayesubiri kesho. Ukaja wimbo wa kusifu leo. Udhamini wa General Electric ulikoma 1985, na ukarabati wa 1993 na 1994 ukaurudisha wimbo wa kwanza. Toleo hilo la 1994 ndilo ninalolipima hapa.

Kaa safu za katikati, katikati ya ukumbi. Safu ya mbele inaonekana tamu, lakini mambo mengi yanatokea pembeni na utageuza shingo kama mtazamaji wa tenisi. Kuta za kulia na kushoto za jukwaa ni kitambaa chepesi kilichochorwa. Taa ikipiga kwa mbele, unaona ukuta. Taa ya mbele ikizimwa na ya nyuma ikiwashwa, ukuta unayeyuka na chumba kinatokea. Ujanja wa zamani wa maigizo, na bado unafanya kazi kuliko skrini nyingi za jirani.

Usisimame kabla taa za kutokea hazijawaka. Wahudumu wanalisisitiza hilo kwa sababu ya msingi. Julai 1974, kwenye jengo lilelile la California, wakati huo likiwa na onyesho jingine, mfanyakazi mmoja alibanwa kati ya ukuta unaozunguka na ule usiosogea, akafariki. Baadaye ziliwekwa kuta zinazoachia zikibanwa. Na pete ikishindwa kusogea kwa wakati, kipindi kilekile huanza upya mbele yenu, neno kwa neno. Tulieni tu. Aliye haraka kweli aangalie kwanza programu ya simu ya bustani kama banda linafanya kazi siku hiyo.

Vipindi vitatu vya mwanzo ndivyo vilivyonifanya nitoe nne. Cha kwanza ni mwanzoni mwa karne ya 20: taa za gesi, sanduku la barafu, na mama anayejivunia mashine mpya inayomaliza kufua kwa saa 5 tu. Baba anafurahi kwamba sasa mama atapata nafasi ya kujiburudisha. Mama anajibu kwamba burudani yenyewe ni kusindika vyakula na kung'arisha jiko. Cha pili ni miaka ya 1920, waya zimetapakaa kila upande. Vyombo vinawashwa vyote kwa pamoja, mzigo unazidi, fyuzi inakatika, giza. Kwenye chumba cha pembeni mjomba Orville yumo kwenye beseni la kuogea, na bonge la barafu limewekwa mbele ya feni, ndiyo kiyoyozi chake. Cha tatu ni miaka ya 1940: mama anabandika karatasi za ukutani, na mashine yake ya jikoni imegeuzwa ya kukorogea rangi.

Vipindi hivyo vitatu havichakai kwa sababu vilikuwa vya zamani tangu siku vilipotengenezwa. Cha nne ndicho pekee kilichotakiwa kuonyesha wakati ujao, ndiyo maana kimebadilishwa mara kwa mara. Bibi anacheza mchezo wa kompyuta kwa miwani maalumu, oveni inaongozwa kwa sauti, inasikia alama za bibi zikitajwa na kuzifanya nyuzi joto, bata mzinga anaungua. Mzaha mzuri, na kosa la kweli la vifaa vinavyotii sauti yoyote. Ila kila kilichozunguka mzaha huo kinanukia 1994.

Ukitoka, panda PeopleMover, vigari vinavyozunguka Tomorrowland kwenye njia ya juu, hapo hapo karibu. Ndani ya njia yake ya giza utapita kipande cha Progress City, mfano wa mji uliokuwa ghorofa ya juu ya banda la California. Hakichukui hata dakika moja, kwa hiyo weka simu mfukoni uangalie.