GPS ya bodaboda: kabla ya kuuliza bei, uliza nani anapokea simu usiku

Nina pikipiki moja aina ya Boxer inafanya kazi ya bodaboda Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Iko kwa kijana kwa mkataba: analeta hesabu kila Jumapili, mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Kwa hiyo ikiibiwa tunaibiwa wawili, na anayeumia zaidi ni yeye, maana atakuwa amelipia kitu ambacho hakipo. Ndiyo sababu suala la GPS tulilizungumza pamoja tangu mwanzo. Matangazo ya "funga GPS, lala usingizi" yamejaa kila kona, na mimi nimeshatumia huduma mbili tofauti, moja ya kampuni na nyingine ya fundi wa mtaani. Vifaa vyenyewe havikupishana sana. Waliopishana ni watu.

Nianze na kampuni, jina nalihifadhi. Nilitoa laki mbili na ushee, kifaa na ada ya mwaka humohumo. Programu yao ya simu ni nzuri, sitawanyima haki yao. Unaiona pikipiki inavyotembea kwenye ramani, ilisimama wapi na kwa muda gani, ilikuwa mwendo gani, na unaweza kurudi nyuma ukaangalia safari za wiki nzima. Kuna jioni nilikuwa naifungua tu bila sababu, kama mtu anayefuatilia tamthilia. Kijana wa kufunga alikuja na fulana ya kampuni, akafungua siti, akabandika kifaa pembeni ya betri, akaunga nyaya zake, akazungushia tepu nyeusi inayong'aa, akanipa karatasi nisaini. Chai niliyomwandalia ilikuwa haijapoa.

Ilipokuja kuibiwa, waliifuata palepale inapolala, uani kwa kijana, geti la bati wamelifumua kwa mtaimbo. Swichi haikuwasumbua, funguo malaya zipo. Simu yangu ikalia saa nane usiku: chombo kimetoka nje ya eneo. Hapo kifaa kilifanya kazi yake sawasawa. Nikafungua ramani, nikaiona iko Kilwa Road inaelekea Kongowe. Kitufe cha kuzima injini kipo, ila kwa mteja kimefungwa. Lazima uwapigie wao ndio wazime. Nikapiga namba yao ya "masaa 24". Ikaita mpaka ikakata. Nikarudia, hivyo hivyo. Ilipokaribia Vikindu alama kwenye ramani ikaganda, haikusogea tena: walishafungua siti, wakakiona, wakaking'oa. Asubuhi kampuni wakapiga wenyewe, dada mmoja mwenye sauti ya upole kabisa. "Mama, samahani, usiku tulikuwa na changamoto ya mtandao."

Chombo kilipatikana jioni yake, na waliokipata ni watu wa vijiwe. Kijana alituma picha na namba ya usajili kwenye magrupu ya WhatsApp ya bodaboda kuanzia Rangi Tatu mpaka Mkuranga. Mwenzao mmoja ambaye hawajawahi kuonana akaikuta imesukumiwa kichakani, tangi limekauka, betri na vioo hakuna. Ile alama ya mwisho ndiyo iliyowaonyesha upande wa kutafuta, kwa hiyo siwezi kusema GPS haikusaidia. Lakini ada ya mwaka nilikuwa silipii alama. Nilikuwa nalipia mtu wa kuamka.

Fundi niliyehamia kwake ana kibanda cha umeme wa magari na pikipiki. Hakuanza na hela. Aliuliza, "Mama, wale wa kwanza walikiweka wapi?" Nilipomwambia chini ya siti akacheka. "Mwizi wa siku hizi anafungua siti kabla hata hajaiwasha."

Akanieleza kwa nini mafundi wengi wanakimbilia siti. Mawimbi ya setilaiti za GPS yanatoka juu sana, zaidi ya kilomita 20,000, yanafika huku chini yakiwa hafifu mno. Yanapita kwenye plastiki na kwenye sponji ya siti bila taabu, lakini bati la tangi linayazuia. Kwa hiyo ukifunga chini ya tangi kifaa kinapapasa tu, na siti ndiyo njia rahisi. Yeye alifungua kava la taa ya mbele, lililo la plastiki, akakisimamisha ndani kwa nyuma. Nyaya hakuzikata akaziunga juujuu. Alilichana lile fungu la nyaya la kiwandani, akachomelea kwa risasi ndani kwa ndani, akalifunga tena kwa tepu ya kitambaa isiyong'aa, kisha akapaka grisi na vumbi la pale chini kwa kidole mpaka ikafanana na nyaya za miaka mitano. Relei, kile kidude kinachokata umeme wa CDI (kile kisanduku cha kutoa cheche) ili injini izime, alikiweka mbali na kifaa, ili anayeona kimoja asipate na kingine. Alipomaliza akaniambia tafuta. Sikuona kitu, na nilikuwa nimesimama palepale muda wote.

Halafu akafanya jambo ambalo kampuni hawakulifanya: akachomoa betri ya pikipiki. Simu yangu ikaingia ujumbe kwamba umeme umekatwa. Kifaa kina betri yake ndogo ndani, ya kukiendesha saa chache, na mwizi akichomoa betri kubwa ndiyo kwanza anakuamsha. Kama fundi wako hajachomoa betri mbele yako, mwambie achomoe.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, na wauzaji hawana haraka ya kukisema: setilaiti haiioni pikipiki yako. Kifaa kinasikiliza setilaiti zisizopungua nne, kinapiga hesabu chenyewe kiko wapi, halafu kinakutumia jibu kwa laini ya simu ya kawaida iliyo ndani yake. Laini ikiisha bando, GPS yako ni plastiki. Matumizi ni madogo, MB chache tu kwa siku, ila bando la mwezi likikatika hakuna anayekuambia mpaka siku ya siku. Kule kwenye kampuni laini ilikuwa yao, salio silioni. Sasa imesajiliwa kwa jina langu, kwa alama za vidole kama laini nyingine zote tangu ule ukomo wa usajili wa Januari 2020, na bando naliweka mwenyewe siku ninayopokea hesabu. Uliza laini ni ya nani. Ikiwa ya fundi, siku mkigombana, chombo chako kinamtii yeye.

Neno la siri nalo. Vifaa hivi vingi vinatoka China vikiwa na 123456. Mwaka 2019 wataalamu wa Avast, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta vifaa kama 600,000 vya kufuatilia watu na vitu vikiwa mtandaoni na neno hilohilo. Mwaka 2022 BitSight, kampuni nyingine ya usalama wa mitandao, wakatoa ripoti ya kifaa cha MiCODUS MV720, cha kufunga kwenye gari, kwamba mtu wa nje angeweza kukiingilia, aone gari liko wapi na hata akate mafuta. Watengenezaji wake walikuwa wanajitangaza kuwa na vifaa milioni 1.5, na BitSight walivikuta katika nchi 169. Fundi wangu hajui habari za BitSight, lakini neno la siri alilibadilisha kabla hajafunga kava, akageuka pembeni niliandike mimi mwenyewe.

Sasa hili la kuzima injini. Ndilo linalouza GPS kuliko yote, na ndilo linalonitisha. Kijana aliniambia siku ya kwanza, tena kwa heshima zote, "Mama, ukinizima nikiwa kwenye mwendo na lori nyuma yangu, hutapata pikipiki wala mimi." Ana haki. Najua wapo mabosi wanaozima chombo barabarani kwa sababu hesabu imechelewa, na baadhi ya kampuni za mikopo ya pikipiki zimeigeuza kuwa njia ya kudai. Chagua kifaa kinachokubali kusubiri mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa ndipo kikate. Cha kwangu kinafanya hivyo. Na kwenye mkataba tumeandika kabisa kwamba kuzima ni kwa wizi tu, na kwamba anajua anafuatiliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu mzima hafuatiliwi kwa siri mchana kutwa. Mwendo wake naangalia, hilo sifichi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inafuatilia mabasi ya mikoani kwa VTS, mfumo wake wa kufuatilia magari, na mimi nikiona 90 Kilwa Road napiga simu akishasimama.

Kipimo cha kweli kilikuja baadaye. Abiria wawili walimchukua usiku kwenda Chamazi, njiani wakampiga roba, wakaondoka na chombo. Kijana, Mungu ni mwema, alitoka na michubuko. Akaazima simu dukani akanipigia. Safari hii kitufe kilikuwa mkononi mwangu. Nikabonyeza, kifaa kikasubiri, wale watu walipopunguza mwendo kwenye kona ya mchanga injini ikazima. Nikaona alama inasogea taratibu, yaani wanaisukuma, kisha ikatulia katikati ya nyumba.

Hapo ndipo unaujua mwisho wa teknolojia. Kabla ya Mei 2000 Marekani ilikuwa inaivuruga makusudi GPS ya raia, kosa linafika mita 100. Sasa uwanjani ni mita chache. Lakini uswahilini mita chache ni nyumba tatu, na mabati na kuta vinayumbisha alama zaidi. Ramani inakuambia mtaa, haikuambii ua wa nani. Tulipitia kituo cha polisi tukachukua RB, namba ya taarifa ya wizi, kadi ya pikipiki mkononi, askari wawili wakaja nasi, tukamwamsha mjumbe wa eneo. Mjumbe hakuitazama hata simu. Aliuliza tu, "Ni hapa kwenye mwarobaini?" akaenda moja kwa moja kwenye nyumba iliyopata wapangaji wapya. Boxer ilikuwa uani imefunikwa turubai, injini bado ya moto.

Kero zipo. King'ora cha mtikisiko nimekizima, maana kila lori likipita karibu simu inalia, na ukizoea kelele siku ya mwizi hutaamka. Eneo la tahadhari, lile ambalo chombo kikitoka simu inalia, nalo usilibane sana. Nililiweka dogo, pikipiki imelala ndani na ramani inasema iko barabarani, kumbe alama inahamahama yenyewe. Nikalitanua kufika mita 200 ikatulia. Na wezi wanaotumia mashine za kuvuruga mawimbi wapo, dhidi yao kifaa hiki hakina jibu.

Wala GPS haizuii wizi, inaufuata. Cha kuzuia ni vitu vya bei ndogo ambavyo nilivifunga pamoja nayo: kufuli la diski la chuma kigumu, na swichi ya kificho ambayo bila kuibonyeza pikipiki haiwaki. Kijana sasa anailaza kwenye paking ya kulipia yenye mlinzi. Fundi na mimi tulibishana kuhusu stika ya "Chombo hiki kina GPS". Yeye anasema inamwambia mwizi aanze kutafuta. Mimi naona kibaka wa kupitapita akiiona ataenda kwa jirani, na mwizi wa kazi atatafuta hata bila stika. Nimeibandika.

Gharama, kwa wanaouliza: kifaa na kufungiwa nilitoa laki na nusu, baada ya hapo ni bando la kila mwezi tu, ada ya mwaka hakuna. Ila huduma ya fundi ina shimo lake: programu inayoonyesha ramani ni ya bure ya watengenezaji, seva, yaani kompyuta zinazoiendesha, ziko nje ya nchi, na zikizimwa unabaki na SMS. Kwa hiyo jifunze amri za SMS na uziandike mahali. Mwenye magari kumi na madereva kumi simshauri fundi wa kibandani, atafute kampuni, lakini kabla ya kusaini apige namba yao ya dharura saa tisa usiku asikie kama kuna mtu. Na ukinunua kifaa mwenyewe Kariakoo, hakikisha kinakubali laini ya mtandao unaoshika vizuri huko chombo kinakolala. Nimemwona mwenzangu kafunga cha bei mbaya, mtandao wake unashika mjini, uani kwake haushiki.