Mlio au wepesi? Uzoefu wangu na Fender Rumble 100 hapa Kampala

Mimi ni mpiga besi, kazi zangu nyingi ziko Kampala. Jumapili asubuhi napiga kwenye ibada ya Kiswahili upande wa Makindye. Wikendi usiku tunapiga rumba ya Kikongo kwenye baa za Kabalagala, na msimu wa harusi ukifika tunakwenda popote bendi inapoitwa, iwe ukumbini Ntinda au chini ya mahema ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, nje ya Mukono. Gari sina. Napanda boda au teksi za abiria kumi na wanne, gitaa mgongoni. Ukinunua ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa la besi, katika hali hiyo, lazima uulize itasikikaje na utaifikishaje.

Kabla ya Fender Rumble 100, ampu ninayotumia sasa, nilikuwa na ampu kuukuu ya spika ya inchi 15, nzito kiasi kwamba haikunyanyuliwa na mtu mmoja ngazini. Mlio wake niliupenda sana, na naupenda hadi leo. Ukigusa nyuzi ya E wazi, unaisikia kwanza kwenye nyayo, halafu kifuani, ndipo masikioni. Mpiga drams alikuwa haniangalii tena, aliifuata besi kwa mwili. Lakini kila kazi ilinidai gari la kukodi, kwenda na kurudi, na saa nane za usiku dereva anataja bei anayotaka. Malipo ya baa yakawa yanaishia njiani.

Uzito ule ulikuwa na sababu. Mwaka 1969 Ampeg walitoa SVT, ampu ya wati 300 yenye valvu 14, zile taa za kioo za kukuza sauti, kwa ajili ya bendi za rock zilizokuwa zinajaza viwanja. Kichwa chake, yaani mtambo wenyewe bila spika, kinapita kilo 35, na sanduku lake la spika nane za inchi 10 linapita kilo 60. Ndani kuna transfoma za chuma na waya wa shaba, kwa sababu umeme wa gridi, ambao kwetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, unahitaji chuma kingi kuubeba. Ampu za siku hizi za klasi D zinauwasha na kuuzima umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na zikiwa na paweasaplai (sehemu inayoilisha ampu umeme) ya mtindo huohuo, transfoma inapungua hadi kuenea kiganjani. Joto nalo linapungua, na joto likipungua huhitaji tena vyuma vizito vya kulipoza. Ndiyo maana Rumble 100 ina wati 100 na spika ya inchi 12, na uzito wake ni kama kilo 10 tu, nyepesi kabisa kuliko mfuko wa mahindi.

Kilo 10 naziweka mapajani kwenye boda, begi la gitaa mgongoni, na dereva haniombi nauli ya pili. Kwenye teksi naiweka chini ya miguu yangu, kondakta hapati sababu ya kunilipisha kiti. Mvua ikianza naifunika na kavera kubwa, mfuko wa plastiki, na safari inaendelea. Sasa nafika mapema, mwili haujachoka, na vidole vyangu havijatetemeka kwa kubeba. Hilo lina uzito mkubwa kwenye mlio kuliko watu wanavyodhani: mpiga besi aliyefika anahema anapiga nyuma ya mdundo wimbo wote wa kwanza.

Wepesi wa umeme hata hivyo hauondoi sheria ya sanduku. Josef Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo H katika kampuni ya spika ya KLH, alilieleza jambo hili na watengenezaji wa spika wanaliita sheria ya chuma: besi ya chini kabisa, sauti kubwa kwa umeme mdogo, na sanduku dogo, utapata viwili, cha tatu utakikosa. Nyuzi ya E inatikisika mara 41 kwa sekunde. Ya B kwenye gitaa la nyuzi tano ni 31. Hakuna sanduku la kubeba mapajani litakalokupa hezi 31 kwa nguvu ya kushindana na drams, haijalishi limeandikwa jina gani. Unachosikia kwenye ampu ndogo ni zaidi mlio wa pili wa noti, kwa E ni hezi 82, na kwenda juu, na ubongo wako unajijazia ile ya chini.

Kwa hiyo kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kukimbilia kitufe cha besi na kukizungusha hadi mwisho. Spika inaanza kuhema, koni inakwenda mbele na nyuma bila kutoa noti inayoeleweka, na ukumbini inasikika ngurumo tu. Mimi kitufe cha besi nakiacha katikati. Kile cha sauti za kati za chini, ambacho Fender wamekitenganisha na kile cha kati za juu, nakipandisha kidogo kupita katikati. Hapo ndipo noti inapopata mwili na mtu wa kiti cha nyuma anajua umepiga G au A. Kitufe cha Contour sikigusi nikiwa na bendi, kwa sababu kinapunguza hizo hizo sauti za kati ninazozihitaji. Ni kizuri ukiwa chumbani peke yako. Cha Vintage nakibonyeza kwenye rumba ya polepole, kinaulainisha mlio ukakaribia ule wa valvu. Sauti za juu nazipunguza kanisani. Ya nini mkwaruzo wa nyuzi wakati watu wanaabudu?

Kisha kuna sakafu. Kanisani kwetu jukwaa ni zege, na ampu naiweka chini kabisa kwenye zege lenyewe, karibu na kona, kwa sababu ukuta na sakafu vinarudisha besi mbele badala ya kuiacha itawanyike. Ukiipandisha juu ya kiti ili uisikie vizuri, unapoteza sehemu ya chini papo hapo. Mimi naiinamisha nyuma kidogo na kipande cha ubao mbele, spika ielekee masikio yangu badala ya magoti. Mpiga kinanda wetu, dada mmoja mwenye sikio kali kuliko sisi wote, aliniambia siku moja, "Kaka, leo nakusikia hata mkono wa kushoto nimeupumzisha." Kwa mpiga besi hiyo ni sifa kubwa. Maana yake hapigi tena noti za chini kuziba pengo lako.

Kwenye seben, ile sehemu ya kasi ya kucheza katika rumba, ampu hii inaniridhisha kabisa. Besi ya Kikongo inapanda shingo ya gitaa, inakata, inajibizana na gitaa la solo, na mambo yote yako kwenye sauti za kati. Spika ya inchi 12 inajibu haraka kuliko ile ya 15 niliyokuwa nayo. Kidole kikigusa, noti imeshatoka na imeshakoma, na ukimya kati ya noti mbili unasikika. Kwenye rege ndipo ninapoikumbuka ile kuukuu. Rege inataka ardhi itikisike, na hapo wepesi una gharama yake. Sitaficha hilo.

Nje, chini ya mahema, usiitegemee peke yake. Hakuna kuta, besi inakwenda zake. Wengine wananiambia ningenunua ya wati 200, lakini wati ukizizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kusema imekuwa kubwa. Kinachosaidia ni soketi ya XLR iliyo nyuma. Natoa waya mmoja kwa fundi mitambo, besi inapita kwenye spika kubwa za shughuli, na ampu yangu inabaki kuwa sikio langu na la mpiga drams. Jenereta ikianza kuleta ule muungurumo kwenye laini, kuna kitufe cha kukata ethi karibu na soketi hiyo. Nakibonyeza na mara nyingi kelele inakatika hapohapo. Nikiitwa kwenye shughuli ya nje, kabla ya kukubali namuuliza mwenye mitambo kama ana spika za besi za inchi 18. Kama hana, namwomba kiongozi wa bendi aongeze za kukodi kwenye bajeti, au tunapanga nyimbo zisizolilia besi nzito.

Jambo la umeme halina mjadala. Sisi tuko kwenye volti 240. Ampu nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani umeiua. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kutoa pesa, na hata ikiwa ya 240, nunua stabilaiza, hasa kama unapiga sehemu ambazo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo katikati ya wimbo.

Mwenye gari, au bendi yenye pikapu yake, au mpiga rege wa kudumu, ningemwambia abaki na sanduku zito na alitunze. Anayepiga nyuzi tano na kuishi kwenye ile B, aangalie Rumble 500: kilo 16 na nusu hivi, spika mbili za inchi 10, wati 350 peke yake na 500 ukiiongezea sanduku la pili. Kilo 16 mapajani kwenye boda kutoka Nsambya hadi Ntinda si mchezo, lakini kwenye teksi zinabebeka. Mimi nimebaki na 100, na ile kuukuu nimeiacha kanisani kwa ajili ya mazoezi ya vijana, ambako hakuna anayelazimika kuinyanyua.