Usiku wa zilipendwa na wakongwe, Tabora mjini: uzoefu wangu

Nimeingia Ijumaa sita katika usiku wa wakongwe unaofanyika kwenye ukumbi mmoja wa hapa Tabora mjini. Wazee wanapiga muziki wa kweli. Kinachowaangusha ni mitambo, hasa namna gitaa la rizimu, lile linaloshikilia mwendo wa wimbo, linavyozamishwa.

Kiingilio ni shilingi 5,000, na meza za mbele ni 10,000. Za mbele usilipie. Zimekaa usoni pa spika kubwa, utasikia besi na dramu tu. Kaa katikati ya ukumbi, hatua kumi hivi kutoka jukwaani, spika ya kushoto na ya kulia zikiwa mbali sawa na wewe. Kona pia zikimbie, maana besi hujikusanya kwenye kuta na kuvuma mpaka maneno ya mwimbaji yanapotea.

Tangazo linasema saa 2 usiku, lakini muda huo mafundi bado wanaunganisha nyaya. Bendi inaanza kama saa 3 na robo kwa vipande vitatu au vinne vya ala tupu, waimbaji wakiwa wamekaa. Wengi huvipuuza, nami nasema fika uvisikie, kwa kuwa hapo wazee wanapasha vidole na utajua mapema kama sauti ya usiku huo imepangwa vizuri. Waimbaji wakongwe hupanda saa 4. Mapumziko ni saa 5 na nusu, kisha awamu ya pili inakwenda hadi karibu saa 7. Ukiweza kubaki kwa awamu moja tu, chagua ya pili. Koo zimefunguka, na wapiga gitaa wameshazoeana.

Sasa muziki wenyewe. Tabora ni mji wa dansi: hapa ndipo ilipotoka bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro, na Tabora Jazz iliyocheza mtindo wa Segere Matata, bendi aliyoiimbia Shem Karenga. Dansi la aina hiyo husimama juu ya magitaa matatu pamoja na besi. Rizimu linashika mzunguko mmoja bila kuyumba, gitaa la kati linajibu kwenye nafasi zilizoachwa, na solo linapita juu. Wimbo una sehemu mbili: beti zinazoimbwa taratibu, halafu chemko, pale mwendo unapopanda, solo linachukua usukani na watu wanaacha viti.

Chemko likikosa rizimu linaporomoka. Solo linabaki kuelea, na wachezaji wanapoteza mguu bila kujua kwa nini. Hili limetokea Ijumaa nne kati ya sita, na sababu ni ileile. Fundi mitambo amezoea disko, kwa hiyo anapandisha besi na sauti kali za juu, anashusha sauti za kati. Rizimu linaishi kwenye sauti hizohizo za kati, pamoja na sauti ya mzee anayeimba. Juu ya hapo kinanda kinaongezwa ili kuigiza tarumbeta, nacho kinakalia nafasi iliyobaki. Kwa maoni yangu kinanda hicho kingeondolewa kabisa. Saksafoni moja iliyopo inatosha, na pale inapokosekana, liachieni gitaa la kati lijibu.

Dawa ni rahisi. Wakati wa mapumziko mfuate fundi kwa heshima, umwombe ashushe besi na kinanda, apandishe rizimu. Aliombwa hivyo Ijumaa ya tano akakubali, na awamu ya pili ilibadilika tangu wimbo wa kwanza. Usiku huohuo magitaa yalipitishwa kwenye amplifaya zilizowekewa maiki mbele yake. Siku nyingine waya huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, na gitaa linatoa mlio mwembamba unaochoma masikio.

Mluzi wa spika nao una chanzo chake. Mzee wa miaka 70 haimbi kwa nguvu ya kijana, basi fundi anaongeza maiki, na maiki inaokota sauti ya spika ndogo ya jukwaani. Maiki ikae vidole viwili kutoka mdomoni, spika hiyo ielekee mgongo wa maiki, na kichwa cha maiki kisifumbatwe kwa kiganja. Wazee wanalijua hili vizuri kuliko vijana wanaowaitikia.

Jambo la kusifu sana: bendi inashusha ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo, kufuata umri wa mwimbaji, mara nyingi nusu tone hadi tone zima. Wapo wanaolalamika kwamba wimbo "si ule wa redio". Bora ushushwe mzee auimbe wote kwa raha kuliko kumwona akikwama kwenye noti za juu na kuachia waitikiaji. Tena msikimbilie kupiga makofi ya kumaliza. Kwenye santuri ndogo wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, na wengi tumezoea upande wa kwanza. Jukwaani chemko linaweza kukaa dakika sita zaidi.

Ukitaka wimbo, andika jina lake kwenye karatasi umpe mshereheshaji kabla ya mapumziko, ili bendi ikubaliane ufunguo. Kutuza ni wakati beti zinapoisha. Mwimbaji mpe mkononi. Mpiga solo mwekee noti juu ya amplifaya yake, usimbandike kwenye paji la uso akiwa katikati ya chemko.

Mishkaki ni mizuri, vinywaji bei ya kawaida. Kuanzia Novemba hadi Aprili angalia mawingu kwanza: paa ni la mabati bila dari, na mvua ikishuka husikii hata tumba. Umeme ukikatika, jenereta huchukua kama dakika kumi. Bajaji ya kurudi ipange mapema, kwa sababu saa 7 kijiwe cha nje huwa kitupu.

Mwenye ukumbi akinisoma: nunua amplifaya moja zaidi, iwe ya rizimu peke yake.