Siku ya kuzunguka nyumba za sanaa Nairobi: anzia Archives

Ukimuuliza mtu habari za sanaa Nairobi, atakutajia Makumbusho ya Taifa kabla hujamaliza swali. Mimi nilianzia katikati ya mji, na baada ya kuzunguka kutwa nzima naona hiyo ndiyo ratiba inayomfaa mtu aliyetoka Dar kwa shughuli zake akabakiwa na siku moja ya kutembea.

Archives, yaani Nyaraka za Taifa, iko Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya. Wenyeji wanaifahamu sana kama mahali pa kukutania. Watu husimama nje wakisubiriana, simu mkononi, na ni wachache wanaoingia ndani. Hasara yao! Jengo lilikuwa benki zamani, na ghorofa ya chini sasa ni ukumbi wa mkusanyo wa Joseph Murumbi. Huyu alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, akashika cheo na kukiacha ndani ya mwaka 1966. Siasa hakukaa nayo, ila kukusanya vitu hakuacha: vinyago, ngao, mikuki, vitambaa, ala za muziki, na maelfu ya vitabu, vikiwemo zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900.

Mimi nilinasa kwenye vigoda. Kulikuwa na kimoja cha miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja bila kiungo, na pale pa kukalia pamelainika na kung'aa. Lakini upande mmoja umeliwa zaidi ya mwingine, maana mwenyewe bila shaka alikuwa na mazoea ya kukaa kiupandeupande. Niliinama pale mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Aliposikia ninavyoongea akacheka: “Umetoka Bongo, mama? Basi usirudi kabla hujafika Nairobi Gallery, vitu vingine vya huyo mzee viko huko.”

Nikamsikiliza. Kutoka hapo unaweza kwenda kwa miguu kwa kufuata Kenyatta Avenue hadi inapokutana na Uhuru Highway. Ni jengo la mawe la mwaka 1913, lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Watu walikuwa wakija kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, na ndipo ilipowekwa alama ya sifuri ya kupimia umbali wa kwenda sehemu nyingine za nchi. Vyumba ni vidogo na vimetulia, vitu havijabanana kama Archives. Hapa utaona zaidi upande wa mapambo: shanga, mikufu, nguo za kufumwa. Mwaka 1972 Murumbi na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa la Afrika nzima, na macho ya wafanyabiashara hao wawili unayaona katika uchaguzi wa kila kitu. Kama unapenda vito, tenga muda mrefu hapa. Mimi si mtu wa vito, niliridhika mapema.

Chakula cha mchana nisikuchoshe: mkahawa mmoja wa mjini, wali wa kawaida, bili si ya kawaida.

Makumbusho ya Taifa, kule Museum Hill, nilienda kwa teksi. Malipo ya kuingia yanapita eCitizen, mfumo wa serikali ya Kenya wa kulipia huduma mtandaoni, kwa hiyo uwe na namna ya kulipa kwa simu au kadi, na kitambulisho chako cha Afrika Mashariki ukitoe mapema kwa sababu wageni wa mbali wana bei yao. Ukiingia tu unakutana na mnara wa vibuyu kutoka jamii mbalimbali za Kenya, na huo kwangu ndio mchongo bora wa nyumba nzima. Picha alizochora Joy Adamson, yule aliyemlea simba Elsa, pia zinastahili kutazamwa taratibu. Serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa Kenya wakiwa na mavazi yao ya asili. Kila ushanga umechorwa kama unaweza kuuhesabu, ila nyuso nyingine zinaonyesha kuchoka, kama mtu aliyeambiwa asitikisike tangu asubuhi. Sikuweza kuamua kama nizipende.

Mvulana wa Turkana si sanaa, lakini huwezi kumpita. Ni mifupa ya binadamu wa kale ya miaka takriban milioni 1.5, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Na pale nje kuna sanamu ya tembo Ahmed wa Marsabit mwenye pembe zinazokaribia kugusa ardhi, watoto wa shule wamemzunguka wakipigana vikumbo.

Sanaa ya leo ndiyo ilinipiga chenga. Nyumba moja ya kibinafsi iliyotangaza kuwa wazi nilikuta imefungwa, na geti halikuwa na hata karatasi ya kuomba radhi. Nyumba nyingine mbili za sanaa, NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, na Paa ya Paa, ya mwaka 1965, ambayo mwanzilishi wake Elimo Njau ni mzaliwa wa Kilimanjaro kwetu, nitazipangia siku yake. Foleni za jioni Nairobi hazina huruma.

Nyota: Archives tano, Makumbusho nne, Nairobi Gallery nne kasoro. Archives ni ofisi ya serikali, kwa hiyo nenda siku ya kazi, asubuhi, na usivae viatu virefu.