Dawati la ushauri wa masomo: kwa anayetaka kuongeza Historia kando ya fani yake

Nasoma shahada ya usafirishaji na ugavi katika chuo kimoja hapa Mombasa, masomo ya jioni. Mchana natoa mizigo bandarini Kilindini. Niliposema nyumbani kwamba nataka kuongeza Historia iwe somo langu dogo, mjomba aliniuliza itanifaa nini kazini. Niliingia na swali hilo hilo kwenye dawati la ushauri wa masomo la chuo, na nimetoka na mpango wa mihula minne ninaouamini.

Mshauri wa pale ni mama wa makamo aliyefundisha Historia shule za upili miaka mingi. Hakunipa orodha ya yuniti nichague. Aliniuliza: "Mwanangu, hiyo mizigo unayoitoa kila siku, ilianza lini kupita hapa, na ushuru wake ulikuwa ukiingia mfuko wa nani?" Nikamtajia nijuayo: majahazi ya kaskazi na kusi, Wareno, Waomani, Waingereza na reli yao iliyoanza kujengwa hapa 1896. Akasema, "Basi hilo ndilo swali lako. Yuniti isiyolijibu, iache."

Kwangu mimi thamani ya huduma hii yote imo katika neno hilo. Wanafunzi wengi huokota yuniti zilizobaki na nafasi, wakamaliza na masomo sita yasiyojuana.

Kisha akachukua karatasi, akaipiga mstari katikati. Kushoto akaandika somo kuu kwa wino, muhula baada ya muhula, maana hilo halisogei. Kulia akaiandika Historia kwa penseli. Yuniti ya kwanza ikawa mbinu za utafiti wa kihistoria, kwa kuwa kwetu huwezi kusajili za mwaka wa tatu kabla ya kuipita. Zikafuata Afrika Mashariki tangu 1800, biashara ya Bahari ya Hindi na historia ya uchumi wa Kenya. Nilikuwa nimeitamani sana yuniti ya mapinduzi ya Ufaransa, naye akaifuta. Nilibisha kidogo, lakini sikuweza kumwonyesha inajibu nini katika swali langu. Muhula wa mafunzo kazini akauacha mtupu upande wa kulia, na hapo nilishukuru, kwa sababu bandari haina huruma na mtu mwenye mtihani.

Kabla sijasajili chochote alinituma Fort Jesus, nikatazame vitu vilivyotolewa kwenye meli iliyozama, Santo António de Tanná. Mimi ni mzawa wa mji huu, na ile ngome naipita tangu utotoni. Lakini sikuwahi kuitazama kwa jicho la mtu wa ugavi. Meli hiyo ya Wareno iliundwa Bassein, India. Ilikuja kuwaokoa wenzao waliozingirwa na Waomani tangu Machi 1696, ikazama 1697 pale chini ya ngome, na wapiga mbizi wakaichimbua kati ya 1977 na 1980. Kuta zilizojengwa kuanzia 1593 zilikuwa nene za kutosha. Waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi, hata ngome ikaanguka Desemba 1698. Chakula, dawa na watu havikufika kwa wakati wala kwa kiasi cha kutosha. Nilisimama mbele ya vyombo vile nikajua mjomba nitamjibu nini.

Jambo jingine lililonifurahisha: huyu mama anayahesabu mashairi ya Muyaka bin Haji kuwa ushahidi wa kihistoria sawa na barua za wakoloni. Muyaka aliishi Mombasa ya Mazrui, ukoo uliotawala mji huu, na alitunga mengi kabla ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, kuwanyang'anya mji 1837. Anayetaka kujua watu wa hapa waliuonaje ugomvi ule, na aanzie kwake.

Sasa kasoro. Mshauri ni mmoja tu, na wiki ya usajili foleni inafika ngazini. Dawati linafungwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo sisi wa kazini ndiyo kwanza tunapanda matatu. Ratiba ya yuniti za Historia hutolewa dakika za mwisho. Yangu moja iligongana na somo la forodha Jumatano, ikabidi isogezwe muhula mmoja mbele. Chuo kiliangalie jambo hili, kwa sababu wa masomo ya jioni tunalipa karo kama wengine. Naipa huduma nyota nne kati ya tano.

Ukienda, nenda mwaka wa kwanza, mapema, kabla yuniti za kuchagua hujazimaliza. Beba matokeo yako na ratiba ya zamu zako. Na usiondoke bila kuuliza habari ya pesa: ni yuniti ngapi za Historia zinaweza kuhesabiwa pia kama za kuchagua katika somo kuu? Mimi nimeruhusiwa mbili, kwa hiyo za ziada ninazolipia ni nne badala ya sita. Ruhusa hiyo iombe kwa maandishi, yenye saini ya mkuu wa idara, na nakala ukae nayo mwenyewe.