Pesti ya elfu 28 na brashi ya elfu moja mia tano

Mwezi Februari nilikuwa na video ya sendofu ya kumalizia, mteja ananipigia kila baada ya saa mbili kama mwenye nyumba anayedai kodi, na laptopu yangu inanguruma kama jenereta ya saluni. Ni ThinkPad T480, toleo la 2018, prosesa i5-8350U, niliichukua ya mtumba Kariakoo miaka mitatu nyuma. Prosesa hiyo mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 1.7, na kazi ikizidi inapanda hadi 3.6. Yangu ilikuwa inapanda kwa sekunde chache, inagusa nyuzi joto 97, halafu inajishusha yenyewe mpaka 1.2. Video ya dakika 20 ilichukua saa mbili na ushee kutoka. Hata nikiwa nimefungua kivinjari peke yake, programu ya HWiNFO ilikuwa inasoma nyuzi 60.

Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 100, na ikikaribia hapo hupunguza mwendo ili isiungue. Ndiyo maana watu wengi wenye laptopu chafu hawalalamiki joto, wanalalamika kwamba "mashine imezeeka". Wanaongeza ramu, wanabadilisha diski, wanapiga Windows upya, na mashine inabaki vilevile.

Mimi nami nilipita kote huko kabla ya kushika bisibisi. Kwanza nilinunua stendi yenye feni mbili na taa za bluu, elfu 35. Ilishusha nyuzi 3. Siku moja umeme wa USB wa hiyo stendi ulikatika, nikainua nyuma ya laptopu kwa vifuniko viwili vya soda, nikapata nyuzi 3 zilezile. Stendi sasa anaitumia mwanangu kama taa ya usiku.

Kisha nikaenda kwa fundi. Simtaji, maana sitaki kumharibia mtu riziki, na nadhani wako wengi kama yeye. Akaichukua laptopu, akaelekeza bloa kwenye tundu la kutolea joto, akapuliza kwa nguvu dakika nzima, vumbi kidogo likaruka. Akasema, "Bosi, na pesti nimekubadilishia, ilikuwa imekauka." Pesti ni ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na bamba la shaba linaloondoa joto. Nilikuwa nimeenda kununua maji, sikumwona akifungua. Elfu 25. Joto lilishuka kwa wiki moja hivi, likarudi palepale, na feni ikaanza kutoa mlio mpya ambao haikuwa nao.

Hapo ndipo nilipoamua kujifunza mwenyewe.

Nilinunua pesti ya Arctic MX-4, sindano ya gramu 4, elfu 28 pamoja na kuletewa. Nilichagua hiyo kwa sababu moja kubwa: haina madini yanayopitisha umeme. Kwa mtu anayefungua laptopu kwa mara ya kwanza, mkono unatetemeka, pesti ikidondokea kwenye vijipande vya pembeni ya prosesa unataka ujue kwamba hutaua kitu. Ipo aina nyingine ya chuma cha majimaji, imetengenezwa kwa galiamu, inasifiwa sana na wacheza gemu. Ile inapitisha umeme, na ikigusa alumini inaila. Sikuitaka hata kwa kuiangalia.

Pesti yenyewe haipoozi kitu, na hili lilinichukua muda kulielewa. Uso wa prosesa na uso wa bamba la shaba linaloikalia vinaonekana laini kama kioo, lakini vina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na mabonde hayo yanajaa hewa. Hewa ni blanketi. Shaba inapitisha joto kwa kiasi cha 400 kwa kipimo chao wataalamu, hewa haifiki hata 0.03. MX-4 imeandikwa 8.5. Kwa hiyo pesti ni mbaya kuliko shaba mara nyingi sana, ila ni bora mno kuliko hewa. Kazi yake ni kujaza mabonde, basi. Ukiipaka nene kama siagi ya karanga kwenye mkate, umeweka kitu dhaifu katikati ya vitu viwili vizuri.

Nilitaka kujua elfu 28 yangu inafanya nini hasa, kwa hiyo niligawa kazi mara mbili. Jumamosi ya kwanza usafi tu. Jumamosi ya pili pesti.

T480 ina betri mbili, moja ya nyuma unayoichomoa kwa mkono na nyingine imo ndani. Ile ya ndani unaizima kwanza kupitia Bios, ile menyu ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, kwenye mipangilio ya umeme, halafu unachomoa chaja na ile ya nyuma. Hapo ndipo unageuza mashine. Skrubu za kifuniko cha chini ni sita na hazitoki kabisa, zinalegea tu na kubaki mahali pake, jambo ambalo namshukuru aliyelibuni. Kifuniko kina klipu pembeni zinazolia vibaya unapozifungua. Nilitumia kile kiplastiki kinachoshika laini ya simu ukinunua mpya. Usitumie kisu.

Ndani kulikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Vumbi la kawaida, unywele mmoja, punje ya mchele ambayo sina maelezo nayo. Nikaanza kuona kama nimejihangaisha bure. Kisha nikabandua utepe mweusi unaounganisha feni na mapezi ya shaba, yale mapezi membamba ambayo hewa ya moto inapita kwenda nje. Nyuma yake, upande wa feni, kulikuwa na blanketi. Sitanii. Zulia la kijivu lililoshikamana, unene kama wa kitambaa cha suruali ya jinzi, limeziba mapezi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nililitoa kwa kibano likiwa kipande kimoja.

Hapo nikaelewa bloa ya yule fundi. Vumbi hukaa upande wa ndani, kati ya feni na mapezi. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha kwenye feni, nayo ikianza kuzunguka inalirudisha palepale lilipokuwa. Na ukipuliza feni bila kuishika, inazunguka kwa kasi ambayo haikutengenezewa, unaumiza beringi zake. Ule mlio mpya nikajua ulikotoka.

Nilitumia brashi ya rangi, ya inchi moja, elfu moja mia tano duka la vifaa vya ujenzi, nikaikata nywele ziwe fupi. Nikashika panga za feni kwa kijiti cha meno, nikasugua moja moja. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, vumbi la hapa halikauki likapeperuka, linaganda kama lami. Ilibidi nilainishe kwa pamba ya masikioni iliyochovywa isopropili, alkoholi ya kusafishia vifaa. Nikarudisha utepe, nikafunga. Pesti sikuigusa.

Nikairudia video ileile, mipangilio ileile, pangaboi la chumbani likizunguka namba ileile. Kutoka 97, ikasimama kwenye 85. Mwendo haukushuka chini ya gigahezi 2.3. Bila kufanya kazi, nyuzi 49. Elfu moja mia tano.

Jumamosi iliyofuata nikafungua tena. Bamba la shaba linashikwa na skrubu nne, zimeandikwa namba 1 hadi 4. Unalegeza kwa kurudi nyuma, 4, 3, 2, 1, kidogo kidogo kila moja, na wakati wa kufunga unafuata 1, 2, 3, 4. Sababu ni kwamba kwenye laptopu prosesa iko uchi, silikoni tupu bila kofia ya chuma kama za kompyuta za mezani. Ukikaza upande mmoja peke yake unaweza kuivunja kona.

Ya kwangu ilikuwa na skrubu tatu. Ya nne haikuwepo. Chini ya bamba, pesti nyeupe ya unga-unga imefurika mpaka pembeni, na katikati kabisa, pale penye joto, imekauka na kupasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi. Kwa hiyo fundi alisema kweli kwamba aliibadilisha. Nikampa haki yake kwa sekunde mbili. Skrubu nilipata kwa muuza vipuri, kwenye kopo la skrubu za laptopu zilizokufa, mia tano.

Kusafisha pesti ya zamani ndiko kulikochukua muda mrefu. Isopropili ya asilimia 99, tishu zisizoacha nyuzi, kwa upole, kutoka pembeni kuja katikati. Spiriti ya duka la dawa sikuitumia, nyingine zina mafuta au rangi inayobaki. Mpaka silikoni inang'aa unaona uso wako. Shaba nayo vivyo hivyo.

Kuna wanaosema weka tone kama punje ya mchele, bamba litatandaza lenyewe. Kwa prosesa yenye kofia sawa. Kwa hii iliyo uchi, kona isiyopata pesti inaungua peke yake, kwa hiyo niliitandaza yote kwa kile kiplastiki cha laini, safu nyembamba tu ya kufunika silikoni isionekane. MX-4 inatandazika vizuri, laini, haivutiki kama gundi. Hapa naipa alama za juu. Nilitumia kama robo ya gramu, pengine chini ya hapo.

Jambo lingine: lile bomba la shaba bapa linalotoka kwenye bamba kwenda kwenye mapezi lina uwazi ndani, na kimiminika kidogo kinachochemka kuwa mvuke upande wa prosesa na kurudi kuwa majimaji upande wa feni. Ukilikunja, umeliua. Mimi nilikuwa nalishika kama mtoto mchanga.

Nikafunga kila kitu, nikachomeka chaja, maana ile betri ya ndani uliyoizima haiamki mpaka ione chaja. Nikabonyeza. Mashine ikawaka, ikaniambia feni ina hitilafu, ikajizima. Moyo ukaenda magotini. Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Baba Imani, imekufa?" Sikujibu. Nikafungua tena skrubu sita, na waya wa feni ulikuwa umelala pale pembeni, sikuuchomeka. Yaani mashine ina busara ya kukataa kuwaka bila feni. Laiti na mimi ningekuwa nayo.

Matokeo baada ya pesti: kutoka 85 hadi 79 kwenye kazi nzito, na kutoka 49 hadi 46 ikiwa imetulia. Mwendo unakaa karibu gigahezi 2.6 muda wote. Video ya dakika 20 sasa inatoka kwa dakika 50 hivi.

Hesabu ndiyo hiyo: brashi ilishusha nyuzi 12, pesti ikashusha 6. Ukisoma maoni ya watu wanaosifia pesti fulani kwamba imewashushia nyuzi 20, waulize kama hawakusafisha mapezi siku hiyohiyo. Wengi walisafisha. Sifa zikaenda kwa sindano.

Hii si kuiponda MX-4. Nyuzi 6 ni nyingi, na kwa gharama niliyotoa bado nina pesti ya kufanyia laptopu nyingine kumi. Sasa ina miezi 14 humo ndani. Nilipima wiki iliyopita: nyuzi 80, yaani imepanda moja, na huenda ni joto la chumba. Watengenezaji wanaahidi miaka 8. Sijui kama mashine yenyewe itafika huko. Ninachojua ni kwamba pesti laini kwenye silikoni iliyo uchi husukumwa kidogo kidogo kwenda pembeni kila mashine inapopata joto na kupoa, na pale katikati pakabaki pakavu, kwa hiyo nitaifungua tena nikiona 85. Ningekuwa na fedha zaidi ningejaribu Honeywell PTM7950, ile inayokuja kama karatasi na kuyeyuka ikifika nyuzi 45 hivi, haikimbii pembeni. Lakini kwa hapa kuipata ya kweli ni mtihani, na ya bandia sina namna ya kuitambua.

Mapezi nayasafisha kila baada ya miezi mitano. Nyumba yangu iko karibu na barabara ya vumbi. Ukikaa ghorofani mwaka unaweza kutosha. Na nimeacha kuhariri kitandani, godoro linaziba matundu ya chini yote.

Kama leo hii hujapata bisibisi na una kazi ya haraka: kwenye Windows, ingia mipangilio ya umeme, weka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99 badala ya 100. Inazima ule mwendo wa ziada, joto linashuka sana, mashine inakuwa na kasi ndogo lakini isiyoyumba. Ile video ya sendofu niliimaliza hivyo, saa tisa usiku, mteja akiwa ameshanitumia emoji za aina zote.

Habari zimesambaa ukoo mzima. Jana shemeji kaleta yake, anasema imekuwa nzito tangu mwaka juzi na kuna mtu amemwambia anunue mpya. Nimeshaifungua. Pesti iko sawa kabisa. Kwenye mapezi nimekuta manyoya ya paka.