Land Rover au Peugeot 504: ufufue gari lipi la zamani Tabora?

Kwanza Land Rover Series III, iliyotengenezwa 1971 hadi 1985. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya alumini, haishiki kutu. Wengi huishia kuisifia hapo, kumbe chasisi ni ya chuma, na ndiyo huliwa kimyakimya kwa ndani. Kabla hujatoa hela, ingia chini na nyundo ndogo, gonga chasisi nzima. Ikilia dofu, jua kuna uozo. Habari njema ni kwamba paneli nyingi zimefungwa kwa bolti, hivyo unaweza kulifumua chini ya mwembe kwa spana tu na kulirudisha. Mwendo wake lakini! Springi za bapa mbele na nyuma, ukifika Nzega mgongo unadai.

Peugeot 504 ilitoka 1968, na mwaka 1975 dereva Msweden Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally. Kwenye rafu ya njia za Urambo inaelea, kwa sababu toleo lake la saluni, lile la abiria lenye buti, lina springi za mviringo pande zote. Tatizo ni bodi ya chuma: sakafu na kingo za chini ya milango huoza, na hapo fundi wa kuchomelea anakugeuza mteja wa kudumu. Taa na urembo wa ndani ni vya kuwinda.

Mwenye subira na fundi mzuri wa bodi achukue 504. Mimi ningechukua Land Rover, mgongo utajijua.